Nusu Kikombe

Joto la Jacobabad mwaka ule lilianza kabla ngano haijaisha mashambani, na ulipofika mwezi wa Juni watu walikuwa wameacha kuulizana habari. Walitazamana tu, wakatikisa vichwa, kila mtu akashika njia yake akiambaa na ukuta kutafuta kivuli. Lakini Naziran alikuwa na mambo mawili yaliyomkaa rohoni kuliko hilo joto: maji na mashuka. Na yote mawili yalikuwa ya mkwewe, Bi Bhagul.

Bi Bhagul alikuwa mama mzazi wa Piral, mumewe Naziran. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye utani usiokwisha na macho yasiyokosea. Alishona rili, yale matandiko ya viraka vya rangi ambayo bibi harusi wa mkoa wa Sindh haendi kwa mumewe bila kuwa nayo. Hakuchora wala hakupima. Alikata kwa jicho, akapanga kwa kichwa, na kona zilikutana kama viganja vya mtu anayeomba dua. Wanawake wa mtaa walikuja na viraka vyao wakakaa kumtazama tu. Naziran alipoingia nyumba ile akiwa bibi harusi, hajui hata kukanda unga, mama huyo hakumdhihaki mbele za watu. Alimdhihaki wakiwa wawili, tena kwa mapenzi. "Mkwe wangu, chapati yako ya leo imekaribia kuwa duara. Angalia sana, usije ukafa. Watu wakikamilika Mungu huwachukua."

Kisha baridi ilipokuwa inaondoka, Bi Bhagul aliteleza uani akaumia nyonga. Mfupa haukuvunjika, lakini mwendo ulivunjika. Choo kilikuwa mwisho kabisa wa ua, nyuma ya banda la mbuzi, na njia ile ambayo zamani alikuwa akiikata huku anaimba ikawa safari. Aliita, Naziran akaacha alichokuwa nacho mkononi akakimbia kumshika. Siku nyingine alimwahi, siku nyingine hakumwahi. Asipomwahi, kitanda cha kamba kilikuwa kimelowa, na shuka, na nguo, na rili la chini.

Kufua kunataka maji, na bomba la mtaa wao lilikuwa limebaki pambo. Maji yaliletwa kwa mkokoteni wa punda, kwenye madumu ya bluu, na mwenye punda hakuingia uani. Aliyashusha mlangoni akaenda zake. Kuyabeba, kuyamimina mtungini, kuyapima ya kupikia na ya kuoga na ya mbuzi, yote ilikuwa kazi ya Naziran. Piral alikuwa fundi wa mapangaboi. Joto likizidi, mapangaboi ya mji mzima huungua, na fundi wake haonekani nyumbani ila kwa kula na kulala.

Hakuna aliyemshauri Naziran. Jambo lenyewe lilianza alasiri moja, umeme umekatika, hewa imesimama kama ukuta, naye ndiyo kwanza anaanika shuka la pili la siku ile. Mgongo ulimwaka. Bi Bhagul akaita kutoka ndani, "Naziran, binti yangu, nipe maji."

Akachota kwa kata. Kikombe cha bati kilipofika nusu, mkono ukasita. Akautazama mtungi, akaitazama kamba ya nguo, akaiacha nusu ile ikawa nusu.

"Kunywa kidogo kidogo, Mama," alisema. "Tumbo lisijae."

Bi Bhagul alikiangalia kikombe, akamwangalia yeye, akanywa, akakirudisha. Na kesho yake kitanda kiliamka kikavu.

Naziran alijiambia si ubaya. Wanawake wote wanajua mambo haya. Ukienda harusini hunywi, ukipanda basi la Shikarpur hunywi, kwa sababu njiani hakuna pa kujificha mwanamke. Nani amewahi kufa? Basi akawa anatoa nusu asubuhi, nusu baada ya chakula, na jioni funda la kulainishia koo. Chai nayo akaipunguza, akasema sukari si nzuri kwa wazee. Mtindi akampa Azra, binti yake wa pekee, aliyekuwa darasa la pili. Mashuka yalipungua. Mgongo ulipumzika. Kwa siku chache nyumba ile ilikuwa na amani, na Naziran aliipenda ile amani hata akaogopa kuitazama vizuri.

Kilichotangulia kwenda ni utani. Bi Bhagul akawa kimya, mkono juu ya macho, akisema kichwa kinamgonga. Azra alipomkosea rangi ya uzi, alimpiga kofi la mkononi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Mtoto hakulia, alishangaa tu, akaja jikoni akauliza, "Bibi amechukia nini?"

"Joto," Naziran alijibu. "Kila mtu amechukia."

Kisha ikawa rili. Zaibul, dada yake Piral aliyeolewa Shikarpur, alikuwa anamwoza binti yake baada ya mvua, na Bi Bhagul alikuwa ameahidi kumshonea rili mjukuu huyo kwa mkono wake. Kazi ilikuwa imefika katikati, nyota za njano juu ya nyekundu. Sasa Naziran alimwona mama mkwe akihangaika kutunga uzi kwenye sindano, akikosa, akilamba uzi kwa ulimi usio na mate, akikosa tena. Nyota moja ikatoka imeinama. Akaifumua. Akaishona upya, ikatoka imeinama vilevile, upande wa pili. Alikaa akiitazama kwa muda mrefu, kama mtu aliyeamka kwenye nyumba asiyoijua.

"Nani anachezea vipande vyangu?" akauliza.

"Hakuna, Mama. Viko kama ulivyoviacha."

"Usinidanganye. Mtu anavigeuza nikilala."

Na kitanda, baada ya zile siku za amani, kikaanza kulowa tena. Kidogo kidogo, lakini kwa harufu kali iliyochoma pua. Naziran alihisi ameibiwa. Akapunguza tena.

Siku jirani yao alipopita kuomba makaa, Bi Bhagul alinyanyuka kitandani kwa viwiko, akamnyooshea Naziran kidole. "Mwangalie huyu," alisema. "Mwizi. Ananiibia sindano, ananiibia nyuzi. Mwanangu ameleta mwizi nyumbani." Sindano ilikuwa imechomekwa kwenye ukosi wa nguo yake mwenyewe. Jirani aliinamisha uso, akachukua makaa yake akaondoka upesi, na Naziran alijua kabla jua halijazama mtaa mzima utakuwa na habari.

Aliingia jikoni akalia kwa hasira. Mimi ndiye ninayefua mkojo wake, alisema moyoni, na mimi ndiye mwizi. Baadaye mama mkwe alipoomba maji, Naziran alisikia. Alisikia vizuri kabisa. Aliendelea kuchambua dengu mpaka sauti ile ikachoka. Huko mbele, kila alipotaka kujitetea kwa nafsi yake, alikwama kwenye alasiri hii. Zile siku nyingine zote angeweza kusema hakujua. Hii hakuweza.

Zaibul alikuja kuangalia rili, akakaribishwa kwa jina la marehemu dada yake Bi Bhagul. Alidhani ni mzaha wa mama, akacheka. Kisha akaona si mzaha. Alipokunjua lile rili akakuta nyota zinatazama huku na huku kama kundi la watoto waliopotezana sokoni, alijifunika uso kwa shela akaangua kilio.

"Ni uzee, dada," Piral alisema. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina grisi, hajui aiweke wapi. "Utafanyaje? Kila mtu ana siku yake ya kurudi utotoni."

"Mwezi wa Aprili alikuwa ananihesabia wageni wa harusi kwa kichwa, ukoo kwa ukoo! Uzee gani unakuja kwa mbio hivyo?"

"Unaniuliza mimi? Mimi ni fundi wa mapangaboi."

Kabla Zaibul hajaondoka, Piral alimfungulia mama yake kishada cha funguo kiunoni. Kilikuwa na ufunguo wa sanduku kubwa la bati, lenye nguo za harusi na nyaraka za nyumba na kila kitu ambacho mama mwenye nyumba huwa nacho. Bi Bhagul hakupinga. Alikuwa anatazama dari. Piral akamwekea Naziran mkononi. "Sasa ni wewe," alisema.

Naziran alikuwa ameutamani ufunguo ule kwa miaka. Ulikuwa na joto la mwili wa mzee. Kwa kitambo cha pumzi moja alifurahi, kisha akautundika upesi shingoni, chini ya nguo, mtu asiione ile furaha.

Siku iliyofuata akaja Kausar, mhudumu wa afya wa mtaa, mwanamke mnene wa haraka haraka ambaye viatu vyake vilisikika kabla yake. Piral ndiye aliyemwita, na alikuwa amebaki nyumbani kumngoja. Kausar aliketi ukingoni mwa kitanda, akamfinya Bi Bhagul ngozi ya kifuani kwa vidole viwili. Ngozi ilisimama kama kitambaa kilichokunjwa, ikarudi taratibu. Akamwambia atoe ulimi; ulikuwa na nyufa. Akageuka.

"Naziran, mama anakunywa maji kiasi gani?"

Piral alikuwa amesimama hapo. Azra alikuwa amesimama hapo. Mtungi ulikuwa pale pembeni umejaa hadi shingoni.

"Anakunywa vizuri," Naziran alisema. "Kama sisi sote. Hata zaidi."

"Una hakika?"

"Kwani mtungi nimeuweka kwa mapambo, dada Kausar?"

Alisema kwa ukali, na ukali ule ulimsaidia. Kausar hakuuliza tena. Alikunja uso. Alisema kama maji anakunywa na bado yuko hivi, basi huenda ni kichwani, huenda mshipa umevuja, na hilo halimalizwi hapa. Apelekwe Larkana akapigwe picha ya kichwa. Piral akatoka kutafuta gari la rafiki yake. Wangeondoka asubuhi.

Naziran hakuweza kula siku ile. Alijua barabara ya Larkana ilivyo mwezi wa Juni, gari la bati, madirisha yanayopuliza moto. Alijiambia labda Kausar amesema kweli, labda ni mshipa kweli, nani ajuaye? Alijishika kwenye huo mshipa kama mtu anayeshika ukuta gizani. Asubuhi, Piral akiwa nje anapandisha mito garini, alikoroga chumvi na sukari kwenye kikombe kilichojaa, akapiga magoti kando ya kitanda, akamwinua mama mkwe kichwa. Alitaka kurudisha yote kimyakimya, kijiko kwa kijiko, kabla mtu yeyote hajajua yalikwenda wapi.

Bi Bhagul alifunga mdomo. Maji yalimtiririka kidevuni.

"Kunywa, Mama. Tafadhali. Kunywa yote."

Yule mzee alifumbua macho akamtazama usoni, karibu kabisa, na hakumjua. Alimtazama kama mgeni mwema aliyekuja kumjulia hali.

"Sitaki, mama yangu," alisema kwa sauti iliyokauka kama jani. "Kitanda kitalowa. Naziran atafua tena. Mgongo unamuuma, maskini, na hasemi."

Kijiko kilimdondoka Naziran. Alibaki amepiga magoti, hajui kama analia au anahema. Kisha alisimama akatoka bila shela, bila viatu, akampita Piral na mito yake, akakimbia uchochoro mzima, udongo unamchoma nyayo, mpaka kwa Kausar.

Kausar alikuwa anakunywa chai. "Kuna nini? Amefariki?"

"Nilikudanganya," Naziran alisema. "Maji simpi. Nampa nusu kikombe. Siku nyingine hata hiyo simpi."

Kausar aliweka kikombe chini polepole. "Tangu lini?"

"Tangu alipozidi kulowesha kitanda."

Alingoja kofi, au tusi. Kausar alikuwa anavaa viatu. "Mficha maradhi, kilio kitamuumbua," alisema, hasira imembana meno. "Mimi nimemwambia mumeo kichwa kina damu, kwa maneno yako! Ningempeleka mwanamke yule akakauke njiani. Na kitanda hakikukauka, sivyo? Mkojo ukiwa mzito unachoma kibofu, unatoka ovyo zaidi. Hukupata hata hicho ulichokitafuta. Ondoka mlangoni, nipite."

Hawakwenda Larkana. Walikwenda hospitali ya mjini, kwenye chumba kilichojaa watu walioangushwa na jua, wengine wawili kitanda kimoja, ndugu wakiwapepea kwa magazeti. Bi Bhagul alitundikiwa dripu. Daktari, kijana aliyelowa jasho hadi mgongoni, alimweleza Piral kwa sauti ya mtu aliyerudia maneno hayo tangu alfajiri. Mama amekaukiwa maji. Mtu akikaukiwa, kichwa ndicho hutangulia kusema: hawezi kukaza fikra, kazi ya mkono inamponyoka, hasira zinamjaa bila sababu, na mzee huchanganyikiwa kabisa hata asijue mwanawe. "Tena wazee kiu hawaisikii kama sisi," alisema. "Msingoje aombe. Mngeshika barabara leo, msingefika naye."

"Lakini anakunywa," Piral alisema, akamtazama mkewe.

Kausar aliingilia kati. "Shukuru huyu mkeo alinijia mbio, miguu mitupu," alisema, na ilikuwa kweli. Alimtupia Naziran jicho moja tu, zito. Mengine alimwachia mwenyewe.

Piral alimshika Naziran mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Umeniokolea mama," alisema.

Akili ya Bi Bhagul ilirudi kama umeme wa mji ule unavyorudi, unawaka, unafifia, unawaka tena, mpaka ukakaa. Kwanza alimjua Azra. Kisha akauliza nani amemvua funguo zake. Siku ya pili jioni muuguzi alipombadilishia sindano ya dripu, alifumba jicho moja akasema, "Binti, hiyo sindano yako ni ya kushonea magunia au ya watu?" Chumba kizima kilicheka, na Piral aligeukia ukutani akajifuta uso kwa mkono wa kanzu.

Naziran ndiye hakucheka. Alikuwa anangoja neno, na neno lililokuja silo alilolingoja. Bi Bhagul alimwashiria asogee.

"Nasikia nilikuita mwizi," alinong'ona. "Mbele ya jirani."

"Ulikuwa mgonjwa, Mama."

"Hata hivyo. Ulimi ni wangu. Niwie radhi, binti yangu."

Naziran alitikisa kichwa, akasema kitu ambacho hata mwenyewe hakukisikia, akatoka nje akasimama kwenye jua kali la hospitali mpaka kisogo kikamuuma. Angetukanwa ingekuwa nafuu.

Nyumbani mambo yalizidi. Zaibul alirudi kutoka Shikarpur na vitambaa na bangili, akambusu wifi yake paji la uso, akasema mabinti wa siku hizi waje wajifunze kwake. Jirani yule wa makaa alikuja kuomba radhi kwa kuwa aliamini. Piral aliwasimulia wateja wake, na wateja wakawasimulia wake zao, mpaka mtaani Naziran akawa anaitwa kwa sifa: huyo ndiye aliyekimbia bila viatu. Alipita akiwa ameinamisha kichwa, wakasema tazama na unyenyekevu wake.

Alijaza vikombe. Alivijaza mpaka vikafurika, akampa mama mkwe maji na mtindi na maji ya embe, hata Bi Bhagul akasema, "Punguza, mama, mimi si shamba la mpunga." Lakini kila alipompa, mkono wake ulikumbuka ile kata ilivyosita.

Siku moja asubuhi, Azra yuko shule, Piral yuko kazini, alikuwa amekaa nyuma ya Bi Bhagul anampaka mafuta nywele. Pengine alithubutu kwa sababu hakuwa anauona uso wake.

"Mama. Nilikuwa nakupa nusu."

"Nusu ya nini?"

"Ya kikombe. Ili usilowe. Na siku ile uliponiita mwizi, uliomba, nikakusikia, sikuja."

Mabega ya yule mzee hayakutikisika. "Kikombe kile nimekishika tangu Piral hajazaliwa," alisema hatimaye. "Unadhani siujui uzito wake?"

"Basi mbona hukusema?"

"Niseme nini? Niombe maji kwa mke wa mwanangu kama ombaomba wa sokoni? Nilikuona unavyoshika mgongo. Nikajiambia haya, nusu inamtosha mzee. Hilo nililikubali. Ila hukujua yaliyonipata baadaye, na mimi sikujua yanatoka wapi. Niliona vipande vinatembea juu ya kitambaa, Naziran. Nakiambia kichwa kitulie, hakitulii. Namwona mjukuu wangu namchukia, wala sijui kwa nini namchukia. Niliogopa. Nilidhani ndiyo naondoka hivyo, mwili umebaki kitandani, mimi sipo. Kumbe ni maji."

"Ni mimi, Mama. Si maji."

"Ndiyo," Bi Bhagul alisema. "Ni wewe."

Hakulainisha. Naziran alilia, machozi yakidondokea nywele zile nyeupe zilizopakwa mafuta, akasema nisamehe, nisamehe, na mama mkwe akamwacha alie.

"Suka hizo nywele," alisema mwishowe. "Usinikimbize. Kusamehe si kutema mate, kwamba ptuu, imekwisha. Nipe na ufunguo wangu." Naziran aliufungua shingoni akampa, na kwa hilo tu alihisi wepesi. "Na Piral usimwambie. Akikufukuza nitakaa na nani? Kwa Zaibul kuna ngazi, na mumewe ana mdomo."

Alijaribu kutii. Alijaribu mpaka siku Piral aliporudi na tikiti maji, akampa kipande cha moyo wa tikiti mbele ya mtoto na kusema, "Cha mke mwema." Alikirudisha kipande kile kwenye sinia. Alimngoja Azra atoke kwenda kuwapa mbuzi maganda, akamwambia yote, amesimama, mikono imening'inia, pamoja na alasiri ya dengu.

Piral hakupiga kelele. Aliketi akiutazama mtungi. Naziran alikuwa amejiandaa kwa kelele; alikuwa ameshafikiria mpaka nguo zipi atazifunga kurudi kwao.

"Kitanda changu nilikipandisha juu ya paa," Piral alisema, "nikakwambia ni kwa ajili ya upepo. Upepo gani, Jacobabad, mwezi wa Juni?" Alijipangusa uso. "Ilikuwa harufu. Na mchana nimekaa hapahapa nakula, namsikia mama anaomba maji. Nikasema, Naziran yupo. Kila kitu nikasema Naziran yupo."

"Wewe hukumnyima."

"Mimi sikuinuka."

Aliondoka akarudi kazini bila kumaliza tikiti, na kwa siku kadhaa waliongea mambo ya chumvi na ya mtoto tu. Naziran alikuwa amedhani hatia ikiwa ya watu wawili itakuwa nusu. Haikuwa hivyo, kila mmoja alibaki na yake nzima, na sasa walionana wakiwa wameibeba.

Kisha Piral akaleta kiti cha mbao alichokitoboa katikati mwenyewe, akakiweka pembeni ya kitanda cha mama, na ndoo chini yake, na pazia la kukizungushia. Jambo dogo kiasi kwamba Naziran aliona aibu kulitazama. Ijumaa, siku ambayo hakwenda kazini, alikusanya mashuka akayapeleka uani. Alichutama kwenye beseni kama mtu anayefungua mota, akamwaga sabuni nyingi mno, akaanza kufua. Jirani alichungulia juu ya ukuta.

"Kaka Piral! Siku hizi umekuwa dhobi?"

"Mama ni wangu," Piral alijibu bila kuinua kichwa. "Wewe una nguo zako? Lete."

Jirani alicheka akapotea. Naziran alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na unga mikononi. Hakujua kama kazi ile amemwondolea kwa huruma au amemnyang'anya kwa kutomwamini, na hakuthubutu kuuliza. Piral alikuwa ameshika shuka kwa mikono miwili analizungusha peke yake, na maji yalikuwa yanamwagikia miguuni.

Ndani, Bi Bhagul, ambaye dirisha lake lilitazama uani, alishindwa kuvumilia.

"We Piral! Hilo shuka unalikamua au unalinyonga? Naziran! Kamshikie ncha ya pili mtu huyu kabla hajanichania."

Naziran alipangusa unga kwenye nguo, akashuka uani, akaishika ncha ya pili. Piral alimtazama kidogo, kisha akaanza kulisokota upande wake. Yeye akasokota upande wa pili. Shuka lilikaza katikati yao, maji yakachuruzika yakanywewa na udongo.